Ombi la Kuwatia Alama Waumini wa Lindi

Lindi, Kibera
12 Agosti 1979

Kwa Katibu, Umoja wa Wachungaji

Mpendwa katika Bwana,

Daktari amenishauri nisinunue kalenda ya mwaka ujao, kwa hiyo naanza na lile nililolificha kwa miaka sita. Midahalo ya kila mwezi uwanjani, baina ya Mchungaji Wabwire wa kanisa letu la Jumapili na Mchungaji Muia wa kanisa la Jumamosi, hoja za pande zote mbili niliziandika mimi. Kila mmoja alinijia kwa siri, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na nina Biblia tatu. Kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Baada ya kukiri hayo, naomba kwa heshima mpige marufuku kanisa moja kuwahubiria waumini wa jingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna anayeokolewa. Walevi wa chang'aa wako hatua ishirini kutoka uwanjani, na sijaona mchungaji aliyewapa hata kijikaratasi. Kumwongoa mlevi ni kazi. Kumwongoa mzee wa kanisa la jirani ni sifa. Mwenye nyumba wangu, Mzee Murjan, ambaye ni Mwislamu, huniuliza kila Jumatatu, "Mwalimu, yule mbuzi wenu jana alilala zizi gani?" Hata yeye anajua mbuzi tunayenyang'anyana ni yule yule.

2. Wagonjwa hatupumziki. Juni wachungaji hao walikutana kando ya kitanda changu. Niliomba maji ya kunywa. Walibishana hadi adhuhuri kama maji niliyobatiziwa utotoni yalitosha. Ya kunywa sikuyaona.

3. Mwezi wa Machi, macho yakiwa yameingia ukungu, nilikosea kuwagawia madaftari yao ya hoja. Saa nzima Wabwire aliitetea Jumamosi kwa jasho, na Muia akaisifu Jumapili hadi sauti ikamkauka. Waumini walishangilia, "Mmalize, pasta! Mwongeze nyingine!" Hakuna aliyegundua, wachungaji wakiwemo. Aliyekuwa akisikiliza ni mtu mmoja tu, mke wangu Nasambu. Alirudi akaniambia, "Baba Nafuna, leo pasta wetu amenishawishi kabisa," akahamia kanisa la Jumamosi.

4. Tumeoana miaka arobaini na mmoja. Sasa Jumamosi nakula kiporo peke yangu, na Jumapili najikokota kanisani na fimbo. Hayo nayavumilia. Lakini halmashauri yetu imeamua kwamba nikifa, Nasambu ataketi nyuma pamoja na wageni, kwa kuwa si wa kwetu tena. Mjane, nyuma, kwenye mazishi ya mumewe!

Kwa hiyo napendekeza kila muumini atiwe alama sikioni, kama tufanyavyo ng'ombe kule Bungoma. Anayetaka kuhama apate barua ya ruhusa, kama mchezaji wa mpira. Mwenye swali kuhusu imani aliwasilishe kwa nakala tatu na asubiri ufufuo. Watoto watiwe alama kabla hawajaanza kufikiri. Na yeyote atakayeshawishika arudishwe kwa mwenyewe, hata kama huko alikokwenda amekutana na ukweli.

Wasalimieni wazee wa makanisa yote, kwaya ya Kawangware inayoimba kwa nguvu kuliko sauti, Mzee Murjan, na wale walevi, ambao hawajawahi kunisumbua.

Ni mimi, ninayeomba jibu upesi kuliko kawaida yenu,
Mwalimu Mstaafu Wepukhulu

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku nne. Jumatano nilimwita Mchungaji Muia mwenyewe. Alifungua daftari, nikamwambia alifunge, hoja zake nazijua. Bwawani wanakobatizia nisingefika, basi walijaza pipa uani, wakanizamisha humo, Nasambu akinishikilia kichwa. Sasa mimi ni wa Jumamosi, na siku yangu ikifika mke wangu ataketi mbele. Muia asiambiwe, lakini bado naamini siku ya Bwana ni Jumapili.