Awadhi Aliposhika Dari

Mwaka ule biashara ya korosho iliporuhusiwa kwa kila mwenye mzani na mdomo, Awadhi wa Newala alinunua pikapu, akaijengea gereji, na gereji akaipigia dari. Mjini walikuwepo watu wanaotazama nyota wakiwa wamelala kitandani, lakini pikapu ya Awadhi ililala chini ya mbao zilizopakwa plasta nyeupe. Dari lenyewe halikumaliza msimu. Lilipasuka katikati, ufa ukatambaa kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na plasta ikawa inadondokea boneti.

Ladislaus wa Nanganga alikuwa akipita kuomba maji ya kunywa. Huyu aliwahi kuwa fundi saa, mwalimu wa kwaya na mganga wa kuku, na kila kazi aliiacha kabla wateja hawajakusanyika. Alichungulia ndani, akaona dari limebonyea kama tumbo la mtu aliyetoka karamuni. Akajua juu kuna mzigo. Na mfanyabiashara wa Newala angeficha nini darini wakati bei inapanda kila wiki?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pole kwa mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Dari."

Awadhi akamkaribisha. Ladislaus alivua kofia, akaweka sikio ukutani, akagonga mara kadhaa na kutikisa kichwa kwa huzuni.

"Nyufa za gereji zina sababu tatu," alisema. "Ya kwanza ni gari lenyewe. Ukilizima linahema, na pumzi yake ina mafuta, basi dari linakohoa. Ya pili ni upepo wa bondeni. Ya tatu..." Akatazama juu.

"Ya tatu?"

"Kitu kizito kilichokaa juu na hakitaki kuonekana."

Awadhi akafunga mlango.

Ni kweli juu kulikuwa na magunia. Wakulima wa Chilangala walimwachia korosho zao awauzie. Yeye akawaambia zimeliwa na panya, kisha akazipandisha darini zingojee bei. Ndiyo maana hakuthubutu kumwita fundi wa mjini, kwani huyo angepanda juu, na kabla ya adhuhuri Chilangala yote ingejua. Huyu wa Nanganga hakuwa na ndugu huku.

"Unaweza kulitibu kimyakimya?"

"Mzee, mimi hata chafya naiombea ruhusa."

Tiba yake ilikuwa hivi: mzigo ushushwe, upakiwe kwenye lori la kukodi, uhifadhiwe Masasi kwa binamu yake, na urudi plasta ikishakauka. Awadhi akasema vizuri, naye ataandamana na lori.

"Hapo ndipo pagumu," Ladislaus alisema. "Plasta mbichi inataka kushikiliwa kwa viganja mpaka ikauke, na viganja viwe vya mwenye nyumba. Vikiwa vya mgeni, ufa unarudi na jamaa zake."

Mtu aliyekwisha kuwashawishi watu wazima kwamba panya wamemaliza magunia ya korosho huwa hana nguvu ya kubishana na jambo dogo kama hilo. Awadhi akakubali.

Kesho yake asubuhi wapagazi wakaja. Ladislaus alifungua gunia la kwanza, akaona korosho nono zinamtazama, akalifunga haraka. Wapagazi walianza kulalamika kwamba migongo inakatika.

"Hizi korosho nzito mno," mmoja alisema.

"Ndizo zilizopasua dari. Beba."

Mwanasha, mke wa Awadhi, aliwatazama kutoka mlango wa jiko. "Polepole, wanangu, msije mkatoboa gunia," aliwaambia, kisha akawachemshia chai.

Ladislaus akaunga mbao iliyovunjika, akaziba ufa kwa saruji na chokaa, akalainisha. Kazi ilitoka safi, na aliyeshangaa zaidi ni yeye mwenyewe. Halafu akampandisha Awadhi juu ya meza, akampanga viganja, akamwombea subira, akaondoka na lori.

Jirani yao Petro alipita akachungulia. "Salama, mzee Awadhi?"

"Salama."

"Unafanya nini huko juu?"

"Nakausha."

Petro alifikiri kidogo, akaenda zake.

Huko Masasi Ladislaus hakuwa na binamu. Alielekea moja kwa moja kwa mnunuzi mmoja aitwaye Barnaba. Barnaba alichoma gunia kwa chuma chenye ncha, na mchanga ukachuruzika hadi kwenye kiatu chake. Akachoma jingine, kisha jingine. Korosho zilikuwa mdomoni mwa gunia tu.

"Msimu mzima kuna mtu anatuuzia mchanga," Barnaba alisema. "Tulikuwa tunatamani sana kumfahamu."

Ladislaus alifungua kinywa, kinywa kilichomlisha tangu utoto, lakini safari hii hakikumpatia hata nauli. Dereva wa lori alimvua kofia na viatu badala yake. Ladislaus akapewa chekeche, akae na akina mama ghalani, atenge mawe na korosho mpaka Barnaba atakaporidhika. Barnaba hakuwa mtu wa kuridhika upesi.

Newala, jua lilipokuwa likizama, Mwanasha aliingia gereji na sahani ya ugali na kisamvu. "Shuka, Baba Ziada. Fundi harudi."

Awadhi akabandua viganja kwa hofu. Dari halikutikisika. Akashuka, lakini mikono ilikuwa imekakamaa na haikushuka naye. Akaketi kwenye kigoda mikono ikiwa juu, kama mtu aliyekamatwa. Mwanasha akaanza kumlisha.

"Kaka zangu wako Chilangala," alisema. "Umesahau?"

Awadhi alitaka kujibu. Tonge likaingia.

"Kila nilipokwenda bondeni kuchota maji, nilishuka na korosho ndooni, nikazirudisha kwa wenyewe. Nikapanda na mchanga, magunia yasije yakalegea ukashtuka. Sikujua mchanga ni mzito hivyo. Dari nimelipasua mimi, nisamehe kwa hilo."

Macho yalimtoka Awadhi. Tonge jingine likaingia, na kisamvu kikafuata.

"Wote wamekwisha kuuza, tena kwa bei nzuri. Kesho wanakuja kukusalimia." Mwanasha akamega tena. "Fungua mdomo."