Kamati ya Kulinda Uwanja Usichezewe

Mfuniko wa sufuria ya uji ulikuwa unagongagonga taratibu, nje bado giza, redio ilipotangaza kwamba Serikali imeamua wazee wa nchi hii waanze kukimbia. Nilivuta kuni nje kidogo ili nisikie vizuri. Imeundwa Kurugenzi ya Mwendo wa Wananchi, redio ikasema, na mwendo utafikishwa mpaka vijijini.

Nilifurahi sana. Sisi mabibi wa kijiji cha Xikhomeni tulikuwa tumecheza mpira miaka tisa, kila Jumanne na Alhamisi, sketi juu ya kaptula na vilemba kichwani, na muda wote huo hatukujua kwamba tulikuwa hatujaanza.

Mkurugenzi alifika wiki ileile. Bwana Khazamula Maswanganyi, mtu mnene mwenye heshima zake, alinisalimia kwa mikono miwili na kuinama, kama mama yake alivyomfundisha. Alisimama kando ya uwanja akatutazama. Mbuzi wawili walikuwa wanacheza nasi upande wa kulia.

"Mnacheza vizuri, bibi zangu," alisema. "Lakini mnacheza bila sera."

"Hata golikipa hatuna," akajibu Mthavini. "Tuletee golikipa kwanza. Sera tutaisubiri."

Mthavini ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Kiharusi kilimpiga mguu wa kushoto, hospitali wakampa fimbo na pole. Mpira ndio uliomwachisha fimbo. Akikaa wiki mbili bila kucheza, mguu unaanza kuburuta, naye anaishi peke yake na bomba la maji liko mbali.

Serikali ikatusaidia kwa nguvu zake zote. Ilileta uzio, geti na mlinzi, na katikati ya uwanja ikasimamisha hema jeupe la uzinduzi, pamoja na viti vyake. Mbuzi wakaondolewa. Kisha tukaondolewa sisi. Uwanja, tulielezwa, hauwezi kutumika kabla Naibu Waziri hajauzindua, na Naibu Waziri alikuwa mbali, akizindua viwanja vingine.

Mimi sikuachwa hivihivi. Niliteuliwa Mjumbe wa Jamii katika Kamati ya Ulinzi wa Uwanja. Tulikutana hemani kila Jumanne na Alhamisi, tukakaa tangu asubuhi hadi kuku anapoletwa, tukijadili madhara ya kukaa. Mkurugenzi aliniwekea paja kila mara, maana alikwisha kuona meno yangu yalivyo. Siwezi kusema hana moyo.

Jioni moja nilimsikia Mthavini kabla sijamwona: hatua, kisha mburuzo.

"Mheshimiwa Mjumbe," alisema mlangoni kwangu, "kamati imesemaje kuhusu mguu wangu?"

"Haujafika kwenye ajenda, mwenzangu."

"Na kuku?"

"Kuku alifika."

"Basi huyo kuku aniombee." Alicheka, lakini alipogeuka kwenda alishika ukuta.

Kikao kilichofuata nilinyoosha mkono. Nilisema tunaomba kucheza, hata pembeni tu ya hema. Wajumbe waliacha kutafuna.

"Bibi," Mkurugenzi alisema kwa upole, "uwanja huu unalindwa usichezewe. Akianguka mzee mmoja ndani ya uzio, Serikali itaficha wapi uso wake?"

"Na asipoanguka?"

"Utajuaje kwamba hataanguka?"

"Nesi Tintswalo wa kliniki anajua. Anatupima presha kila mwezi."

Mkurugenzi aliwaza kidogo, kisha uso ukamng'aa. Mabibi wa umri wetu, alijisemea bila shaka, wote wana presha. Akatunga azimio palepale: hakuna mtu aliyepita miaka hamsini atakayeingia getini bila kupimwa. Presha ikiwa sawa, atavishwa utepe wa kijani mkononi. Ikiwa juu, utepe mwekundu, naye atabaki nje mpaka ishuke.

"Mtu yeyote?" niliuliza, ili nikawaeleze wenzangu sawasawa.

"Yeyote, bibi. Serikali haibagui."

Tulipiga makofi. Mlinzi, Phineas, aliitwa asikie kwa masikio yake, akaambiwa kwamba akimpitisha mwenye utepe mwekundu, kazi hana.

Siku ya uzinduzi ilikuja na jua kali. Nesi Tintswalo aliketi getini chini ya mwavuli. Tulifika kwa miguu, tukapumzika kwanza kama alivyotufundisha, tukanyoosha mikono. Kijani. Kijani. Kijani. Mwenzetu Basani peke yake alipata nyekundu, kwa kuwa jana yake alimaliza samaki wa chumvi. Phineas alimpa kiti chake cha ulinzi, akasimama yeye.

Ndipo magari meusi yakaja. Nesi alimpima Naibu Waziri mara mbili, kwa adabu. Nyekundu. Katibu wake, nyekundu. Mshauri wake wa Mwendo, nyekundu sana. Mkurugenzi alikuwa ametoka mbio kwenye gari la nyuma kuja kurekebisha mambo. Nesi alitazama mashine, akamtazama usoni, akamvisha utepe na kumpa maji.

"Phineas, fungua geti."

"Nina watoto wanasoma, bosi. Wewe mwenyewe ulisema yeyote."

"Unamjua huyu ni nani?"

"Namjua. Ni nyekundu."

Naibu Waziri alitoa hotuba akiwa nje, ameshika nyaya za uzio kwa mikono miwili, kuhusu haki ya kila raia kufika uwanjani. Ilikuwa hotuba nzuri. Hatukuisikia yote, maana tulikwisha kuanza. Viti tulivisogeza, hema likawa goli. Mthavini aliburuta mguu kipindi chote cha kwanza. Cha pili alianza kuuinua, na kumtukana refa.

Azimio lile bado lipo. Kamati pekee ndiyo inayoweza kulifuta, na kamati hukutana hemani, na wajumbe wengine wote wana utepe mwekundu, hawaruhusiwi kuingia.

Mkurugenzi hakurudi nyumbani siku ile ya uzinduzi. Nesi alimlaza kliniki, akaagiza atembezwe ukumbini asubuhi na jioni. Wenzake walikwisha kuondoka na magari yao. Basi tukaenda sisi, na uji usiotiwa chumvi, tukamshika mikono, mimi huku, Mthavini kule.

"Inua mguu, baba," Mthavini alimwambia. "Usiburute."

"Nimechoka, bibi."

"Hata mimi nilichoka kukusubiri. Inua."

Aliinua. Tulipomrudisha kitandani na kujifunga mashuka yetu begani, aliuliza kama tutakuja kesho.

"Kesho Alhamisi," Mthavini alisema. "Tuna mechi."

"Baada ya mechi, basi." Alikuwa ameshika pindo la shuka langu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata kidogo tu. Njooni tena, bibi zangu."