Mshale Ulisema Thelathini

Jamaa zangu wa barazani, leo nimeadhirika. Tena kwa kiapo.

Mnajua marehemu mke wangu aliniachia wasia mmoja: nikimpakia mama yake garini, nisipite maili thelathini kwa saa. Mama huyo mwoga wa mwendo. Nilikubali, na tangu tumzike mke wangu sijauvunja wasia. (Hivyo ndivyo nilivyodhani.)

Juzi tairi zangu zilikwisha. Za kipimo chake sikuzipata mjini, nikatia nne kubwa zaidi. Gari likasimama juu kama ngamia. Nikajiona fundi!

Leo asubuhi nikampeleka mkwe wangu, Bi Zuhura, Mangapwani kwenye hitima ya bintiye. Kakaa mbele, jicho kwenye mshale wa mwendo. Nami nimeukaza hapo hapo, thelathini.

"Leo minazi inakimbia," akasema tulipopita Bububu.

"Upepo, mama."

Tukalipita basi la shamba. (Nikasema moyoni: dereva mvivu huyo.) Mara nyuma yetu pikipiki ya askari. Kipenga!

"Bwana, mbona mbio hivyo? Hapa mwisho thelathini."

"Mimi? Wallahi sijapita thelathini!"

"Usiape, bwana."

"Naapa tena! Muulize mama."

Bi Zuhura akainua kidole. "Mshale nimeulinda mwenyewe. Mkwe wangu hasemi uongo."

Askari akautazama mshale, akazitazama tairi, akatabasamu. "Haya, twende. Wewe shika thelathini, mimi nakufuata."

Tukaenda, tukasimama. Pikipiki yake imesoma thelathini na tano!

"Saa yako ya mwendo inahesabu mizunguko ya gurudumu tu," akasema. "Gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi. Saa haina habari."

Saa haina habari, na mwenye saa pia.

Askari akatusamehe kwa ajili ya hitima. Mimi nikabaki na usukani mkononi, machozi yananilenga. Wasia nimeuvunja, na kiapo juu yake.

"Mama, nifunge siku tatu, iwe kafara?"

Akanitazama. "Hukusema uongo, mwanangu. Umeapia usilolijua. Ujinga hauna kafara."

Kisha akacheka, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya buibui. Sijamsikia akicheka tangu msiba.

Tumerudi mshale ukiwa ishirini na tano. Karibu na Bububu basi lile lile likatupita, na Bi Zuhura akalipungia mkono.

Nakuombeni, nyinyi msinicheke. Yeye ananitosha.