Miti ya Kumrudisha Eufrazia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mke wangu Eufrazia bado yuko kwa mama yake, Kasokola. Kosa langu? Kware! Niliwafuga chumbani kwa sababu banda linavuja. Nimeshawauza wote, ila harufu imegoma kuhama. Amesema atarudi siku nyumba itakapokuwa na hewa ya binadamu. Nakula ugali kwa chumvi. Nimemkumbuka mpaka naongea na mto wake.

Jioni, redioni, mtaalamu kasema mimea ndani ya nyumba inatuliza akili, inapunguza mawazo, na hewa inakuwa nzuri. Nikaruka kitini. Kumbe hakuna haja ya kupiga deki!

Jumanne, 4 Novemba

Nimechimba mshubiri nyuma ya nyumba na majani mengine kule mtoni. Vyungu sina. Nimetumia sufuria za Eufrazia, hata ile kubwa ya pilau. Nimezitoboa chini kwa msumari maji yapite. Hatajua.

Ajabu. Nimekaa katikati ya majani, moyo ukashuka wenyewe. Mbuzi wa jirani yangu Manyanda katafuna kanga kwenye kamba na sikutukana. Mimi!

Alhamisi, 6 Novemba

Manyanda kaja kuomba radhi ya kanga. Kanikuta nanyunyizia majani maji huku nayasalimia. Akauliza ni nini hiki. Nikamwambia nina miti ya kutuliza moyo, na ndiyo itakayomrudisha Eufrazia. Akavua kofia. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama inawafaa na watu wengine. Nikasema inamfaa yeyote, anakaa tu karibu nayo. Nilijisikia msomi kabisa.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi mlangoni watu wamejaa, wamevua viatu. Nikafurahi: Mpanda imeanza kupenda maua! Mzee mmoja kapoteza ng'ombe. Mama mmoja, mwanawe hampigii simu. Nikamkalisha karibu na mshubiri, nikamwambia avute pumzi taratibu. Akalia kidogo, akasema amekuwa mwepesi, akaniachia kuku.

Hapo Manyanda akaniita mfumu. Mfumu! Kwao Wasukuma huyo ni mganga, na miti ndiyo dawa zake. Nikakana. Akawaambia watu kwamba waganga wa kweli wote hukana. Wakaleta kuku wengine. Kukataa kuku wa mtu ni dharau, nikapokea.

Jumapili, 9 Novemba

Habari zimefika Kasokola. Eufrazia katokea misani moja kwa moja, yeye na mama mkwe, na chupa ya maji ya baraka. Mama mkwe akanyunyizia kila jani, na mimi mwenyewe. Nikaeleza redio, mtaalamu, hewa. Akakaa asikilize, akasinzia palepale katikati ya majani, uso umelegea. Tangu nioe sijawahi kumwona hajanikunjia uso.

Eufrazia akauliza mti wa kumrudisha yeye ni upi. Nikamwonyesha, ndani ya sufuria ya pilau. Akaiinua. Maji yakamdondokea kwenye kitenge cha kanisani.

"Optatus, umenitobolea sufuria."

Nikasema ndiyo. Nikasema pia kwamba nyumba bila yeye haikaliki. Akaurudisha ule mti mahali pake.

"Chumba utakisugua wewe," akasema. "Kesho."

Analala hapa! Sijali kusugua.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimesugua mpaka magoti yamechubuka. Hewa safi. Eufrazia kaamka anaimba, kaumwagilia mti wake, kauhamishia dirishani mwenyewe. Kasema kweli majani yanapumzisha macho. Wagonjwa wote kawatimua. Manyanda anatangaza mtaa mzima kwamba dawa imekubali. Nina furaha mpaka naogopa.

Sasa hivi Eufrazia ameenda sokoni Kashaulili kutafuta sufuria nyingine. Wale kuku wapo, banda bado linavuja, na wingu limeshafunga. Nimewaingiza chumbani, chini ya kitanda, nikawazungushia mishubiri. Kwa hewa hii hatasikia kitu.