Sanduku Gumu la Bunduki ya Directeur

Jumatatu, 1 Julai 1974

Vumbi mji mzima, na mimi nina furaha. Saa ya kahawa Directeur, mkubwa wa ofisi yetu, alituita sote uani mwa biro akatuonyesha bunduki yake ya kuwindia. Aliipata kwa Mbelgiji mmoja mwenye shamba la kwinini. Kitako cha mti wa rangi ya asali, na juu yake darubini ya kulengea. Nzuri sana. Na imeharibika sana! Mwezi uliopita aliilaza kwenye kiti cha nyuma cha Land Rover akateremka nayo mlima wa Ngomo, na ile barabara ya Ngomo haiachi hata meno yakae kimya mdomoni. Kufika bondeni darubini ilikuwa imesogea. Directeur akalenga swala. Akapiga tairi ya gari lake mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Sasa anataka sanduku. Mfuko hataki, blanketi hataki. Sanduku gumu, la kuanguka kutoka garini bila bunduki kujua. Ijumaa atachagua, Jumamosi anateremka kuwinda bonde la Luvungi. Halafu akanitazama mimi, akamtazama Gérard, karani mwenzangu, akasema polepole:

"Mutu anayejua kulinda kitu ya mukubwa, na yeye ataangaliwa."

Nimeelewa! Kiti cha chef de bureau, mkuu wa makarani, kiko wazi tangu muzee aliyekikalia apumzishwe, na chef anapewa nyumba Muhumba, mtaa wa wakubwa. Nyumba yenye jikoni yake! Marcelline, mke wangu, huitaja hata usingizini. Tangu ndoa yetu tunakaa Kadutu, kwenye parcelle, kiwanja cha mama yake, Maman Cibalonza. Mwanaume mzima kwa mama mkwe! Na kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala hamtazami usoni. Kwa hiyo kila siku nakula nyuma ya mlango, nikitazama ukuta. Ule ukuta naujua kuliko ninavyoijua kazi yangu.

Gérard naye ameelewa. Niliona masikio yake yakisimama. (Biroani ni lazima kumwita Citoyen Birindwa, majina ya ubatizo yamekatazwa. Lakini shajara ni yangu.)

Jumanne, 2 Julai

Gérard amepima bunduki mbele ya watu wote, kwa mita ya fundi, penseli sikioni. Kujionyesha tu. Mimi sina mita. Nina tai.

Tai zimekatazwa pia, tangu tulipovalishwa abacost, koti la serikali lisilo na tai. Yangu ni ya bluu, ya siku ya harusi, naificha chini ya godoro. Nimeibeba mfukoni hadi biroani huku jasho likinitoka, na Directeur alipoenda kula nimeilaza juu ya bunduki. Toka ncha nyembamba hadi doa la mchuzi wa harusi: ndiyo bunduki nzima. Hakuna mtu mwenye kipimo kama hicho!

Jioni kwa Jean-Baptiste, mpiga gitaa wa baa ya jirani. Ana sanduku la gitaa, gumu, jeusi, lenye kufuli la kung'aa. Nililaza tai ndani. Doa la mchuzi likabaki nje. Jean-Baptiste akashauri tutoboe tundu, mdomo wa bunduki utokeze. Nililifikiria wazo hilo muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Nasikia Gérard yuko sokoni kwa mafundi wa bati, wale wa malle, masanduku ya wanafunzi. Anatengenezewa malle ndefu yenye sponji ndani. Wazo la mtu asiye na wazo.

Jumatano, 3 Julai

Nimepata!

Maman Cibalonza amekwenda Nyangezi kwenye matanga ya binamu yake. Atarudi wiki ijayo, ndivyo Marcelline alivyoniambia. Nilikuwa nyuma ya jikoni, nafurahia kula nikitazama kitu kingine kisicho ukuta, macho yakaangukia mtumbwi wake. Si wa ziwani. Ni ule wa mti mmoja uliochongwa katikati, wa kukamulia ndizi za kasiksi, pombe ya ndizi. Mdogo, si kama ile ya huko Walungu ya kubebwa na wanaume wanne. Marehemu mume wake aliuchonga mwenyewe. Kadutu nzima inakunywa kutoka humo kila Jumamosi, na mama huyu anaishi kwa pombe hiyo.

Nimeleta tai. Toka ukingo hadi ukingo: doa la mchuzi barabara! Nimepiga magoti. Mti mgumu kama jiwe, haujapasuka miaka yote. Ukiutia kifuniko, ni sanduku gani Ulaya litashindana nao?

Marcelline akauliza nina akili au niliiacha kwa mama yangu. Akasema mama yake hakuna kitu anachokipenda kama huo mtumbwi, hata yeye alibebwa humo alipokuwa mtoto mgonjwa. Nikamweleza kwa upole kwamba siuibi. Nauazima. Jumapili utakuwa mahali pake, kifuniko kimetoka, na sisi tunafunga mizigo ya kwenda Muhumba. Aliposikia Muhumba alikuja karibu. Akanishikia misumari.

Alhamisi, 4 Julai

Sikwenda kazini. Nimewaambia ni malaria.

Kifuniko cha mbao, bawaba tatu, kufuli la mlango wetu. Rangi nyeusi ya baiskeli nje nzima. Ndani kulikuwa na shida: sponji Gérard ameimaliza sokoni. Lakini jikoni kwa mama kuna mafungu ya majani makavu, laini, yale anayokamulia ndizi. Yamekamua mara nyingi hadi yamelainika kama pamba. Nimeyapanga vizuri nikayafunika kwa pazia jekundu. Nilipoinama kunusa, harufu tamu. Harufu ya mti mzuri, nadhani.

Marcelline akauliza kama niliyaosha. Majani! Nani anaosha majani?

Ijumaa, 5 Julai

Siku ya utukufu. Niandike polepole.

Directeur aliagiza mayai. Yakawekwa ndani ya kila sanduku, na mlinzi akapanda juu ya Land Rover kuyatupa masanduku chini. Malle ya Gérard ikatua kwa kelele hadi mbwa wa mtaa wa pili akajibu. Pembe moja ikabonyea, na ndani yai moja limepasuka. Moja tu, Gérard akasema, ni sponji kupungua upande ule. Moja tu! Bunduki ina darubini moja tu, nikamjibu.

Kisha langu. Likashuka kimya, zito, likavunja ngazi ya saruji. Lenyewe halikukwaruzika. Mayai yote mazima! Directeur akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalipapasa, akauliza ni kazi ya fundi gani. Nikasema ni fundi wa familia, ambaye hafanyi tena kazi. Hapo sikusema uongo hata kidogo.

Kesho naenda Luvungi, kiti cha nyuma, pembeni ya sanduku. Gérard naye anakuja, kubeba chakula. Chakula kimewekwa kwenye malle yake. Nimemwambia imepata kazi inayoiweza.

Marcelline amehesabu sufuria atakazohama nazo.

Jumapili, 7 Julai

Jana. Eh, jana.

Ngomo tuliteremka salama. Kila tulipotupwa juu nililipiga sanduku kofi la mapenzi. Lakini joto la bondeni, jamani! Bukavu ni baridi, mtu anasahau. Kwanza rangi ikaanza kulainika, ikanishika suruali. Kisha ikaja ile harufu tamu, si ya mti tena. Directeur akavuta pua akauliza nani amekunywa asubuhi. Gérard akanitazama. Nikamtazama Gérard.

Tuliposimama nyasini, nyuki wa kwanza akaingia dirishani. Nikamfukuza kwa heshima. Akarudi na ukoo wake. Mara sanduku lote jeusi likawa la kahawia na linatembea. Tukakimbia sote. Directeur alijificha nyuma ya kichuguu, akanong'ona:

"Citoyen Bisimwa, mbona bunduki yangu inanguruma?"

Swala wakatokea. Kundi zima! Wakasimama mbele yetu wakitutazama, mmoja akajikuna. Hatukuwa na kitu cha kuwapiga ila maneno. Walipochoka wakaondoka kwa miguu, bila haraka.

Gérard akawasha majani mabichi, akawafukuza nyuki kwa moshi. Tukafungua. Ah! Majani ya mama yalikuwa yamejaa sukari ya ndizi tangu lini sijui, na kwa joto lile yameanza kazi yao. Povu. Pazia jekundu limetoa rangi. Bunduki imelowa, inanata, kifyatulio hakirudi, na ndani ya kioo cha darubini kuna ukungu. Gérard akaipangusa kwa shati lake, akatoa mikate kwenye malle, akailaza kwenye sponji. Ikaenea. Sikumwuliza mtu maoni yake.

Bado nilikuwa na tumaini. Directeur hakuwa amesema kitu. Basi tukafika Nyangezi.

Mwanamke kasimama kando ya barabara na kifurushi kichwani na kibuyu mkononi, ameinua mkono. Matanga yalikuwa yamekwisha mapema. Directeur ana heshima kwa mamans, akasimama. Mbele walikaa yeye na Gérard. Nyuma nilikuwa mimi. Na mama mkwe wangu akaingia nyuma.

Tangu nimuoe Marcelline sijawahi kuwa karibu na Maman Cibalonza namna ile. Magoti yalikuwa yakigusana! Mimi nikatazama dirisha langu, yeye akatazama dirisha lake. Miguuni petu, uliposhushwa ili yeye akae, mtumbwi. Nilisali rangi isibanduke. Ilikuwa imekwisha kubanduka, iko kwenye suruali yangu.

Tukapita kona mbili. Kisha mama mkwe akaliambia dirisha:

"Mukwe, mutumbwi yangu iko na mulango tangu siku gani?"

Directeur akasimamisha gari. Akauliza mtumbwi gani. Mama akaeleza yote kwa upole, kwamba ni wa kukamulia ndizi, kwamba ni kazi ya marehemu, na kwamba kama sanduku la bunduki haufai kitu ila kasiksi yake haina mfano, kibuyu hiki hapa cha matanga, Papa Directeur aonje. Directeur akaonja. Akaonja tena. Halafu akaanza kucheka, akashika usukani, akacheka hadi Gérard akalazimika kucheka pia. Kwa kicheko kile niliona nyumba ya Muhumba ikifunga madirisha yake moja moja.

Nyumbani mama mkwe hakunipigia kelele. Ningependa kelele. Aling'oa bawaba mwenyewe, amenipa mgongo, akauambia ukuta wangu:

"Ungeniomba, ningekupa. Mimi kila asubuhi kwenye misa namuombea Marcelline hiyo nyumba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kweli kabisa. Marcelline aliingia ndani na sufuria zake.

Jumatatu, 8 Julai

Citoyen Birindwa ndiye chef de bureau. Anahamia Muhumba. Alikuja mezani kwangu kunipa mkono, na hakucheka, na hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Nimefikiria sana kosa liko wapi. Nimelipata. Sanduku lilikuwa kamili. Kosa ni joto la Luvungi. Directeur angewinda milimani, leo chef ningekuwa mimi.

Jumamosi, 20 Julai

Mikono yangu imekuwa ya njano. Adhabu yangu ni kukamua ndizi, kila wiki, mpaka mama mkwe aseme basi, na hasemi. Wateja wanasimama kuangalia mtu wa biro anavyokamua. Rangi nyeusi nimeikwangua yote. Kasiksi inasemekana imekuwa na ladha kidogo ya baiskeli, na watu wameipenda.

Directeur sasa anakuja kila Jumamosi. Anakaa kwenye kiti changu. Leo alikuja na Gérard na Virginie, mke wa Gérard, aliyeongea habari za jikoni yake mpya hadi Marcelline akainuka kwenda kuchota maji, na maji yalikuwepo. Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, analia bila sauti. Nikamwambia sijamaliza. Akasema ndicho anachokiogopa.

Nikarudi kumimina pombe. Directeur alikuwa akieleza kwamba ametumiwa mbwa wa kuwinda kutoka Shabunda, mkali, wa thamani, na kwamba barabarani anamvunjia kila kitu. Anatafuta sanduku la kumbebea. Gumu, lakini lipitishe hewa. Na huko huko Shabunda, akaongeza, kuna kiti cha chef wa kituo, na nyumba, na anafikiria nani apewe.

Gérard hakusikia! Alikuwa anapangusa pombe kwenye blauzi ya mke wake. Mimi nimesikia.

Mama mkwe ana kabati lake la chakula jikoni. Mbao ngumu za mti wa libuyu, milango ya wavu pande zote, nzi hawaingii, hewa inapita vizuri kabisa. Kazi ya marehemu yule yule. Na Jumatano anarudi Nyangezi kwenye misa ya marehemu binamu yake.

Ningeweza kumwomba, najua. Lakini kuomba kunaharibu mshangao.

Nimetoa tai chini ya godoro.