Nilivyousubiri Wimbo Kwenye Theluji

Jumapili, 28 Februari 2010

Mama Emérithe, kiongozi wa kwaya yetu hapa Tensta, Uswidi, ametangaza. Pasaka hii anataka wimbo mpya, wa kuaga baridi na kupokea machipuko. Wenye tungo wazilete Jumapili ya Matawi, kanisa lisikie, achague mmoja. Akamtazama Vénant. Siku zote humtazama Vénant. Nyimbo zake zinaimbwa hadi kwenye harusi. Zangu hata mimi mwenyewe sijawahi kuziimba mpaka mwisho. Safari hii hanipati. Vénant hutungia jikoni, amejibanza kwenye hita. Wimbo wa baridi unatafutwa kwenye baridi.

Jumanne, 2 Machi

Nimekaa kwenye benchi, kando ya njia ya basi la Spånga. Kofia nyekundu aliyonifumia mke wangu Perpétue, soksi mbili mbili, karatasi, kalamu. Theluji mpaka magotini. Nikasubiri uvuvio. Wino ukaganda. Bibi mmoja wa Kiswidi akasimama, akauliza kama nimepotea. Nikasema natunga. Akanimiminia kahawa ya chupa yake, akakaa kidogo, akaenda zake. Mabasi yamepita mengi, abiria wakinikodolea macho. Wasanii hatuoni haya. Mavuno ya siku: "Ee theluji." Basi.

Ijumaa, 5 Machi

Homa. Perpétue amesema hamuuguzi mtu aliyeugua kwa makusudi, kisha akaniuguza. Ameleta matawi yasiyo na majani, ameyatia kwenye maji ya uvuguvugu na kuyafungia manyoya ya rangi. Amejifunza huko chekechea anakofanya kazi. Wenyeji hufanya hivyo kila Pasaka inapokaribia. Nikamuuliza tawi na manyoya vinahusiana nini. Akasema niwaulize Waswidi.

Jumapili, 14 Machi

Matawi yamechipua! Mezani! Nje bado ni jokofu. Sasa nimeelewa. Kumbe machipuko hayasubiriwi, yanapashwa moto. Nimefungulia hita zote, nimevaa bukta, nimekaa mbele ya tawi. Binti yetu Asifiwe akaingia, akauliza kwa Kiswidi kama baba bado ana homa. Nikamwashiria atoke, wimbo ulikuwa unashuka. Beti tatu na kiitikio: "Jani limetoka, tuvue makoti." Nimelia. Kisha nikawapigia simu wanakwaya: kila mtu achipushe tawi nyumbani kwake. Jumapili ya Matawi tutaandamana nje na wimbo wangu, tukipunga majani mabichi. Vénant hana majani.

Jumapili, 28 Machi

Theluji tangu alfajiri. Tumeandamana hivyo hivyo. Majani yalinyauka kabla hatujafika mlangoni mwa kanisa, yakawa kama mchicha uliosahaulika sufuriani. Kwenye kiitikio nikavua koti. Nilivua peke yangu. Waimbaji wa sauti ya pili wakafunga vifungo mpaka shingoni. Mama Emérithe akasema tuingie ndani kabla hatujaanza kuzikana.

Zamu ya Vénant. Akaeleza kwamba wimbo wake aliupata ndani ya basi la Spånga. Alimwona mtu amekaa peke yake kwenye benchi, kofia nyekundu, theluji magotini, akisubiri machipuko kana kwamba yameahidi kuja na basi linalofuata. Akaimba. Kiitikio chake: "Bado nasubiri." Akina mama wakatoa leso. Nami nililia. Inaniuma kusema, lakini ni wimbo mzuri, na huyo mtu wa benchini ana moyo wa ajabu. Mama Emérithe akauchagua papo hapo. Perpétue akanitazama, akaitazama kofia niliyoipakata, akaniuliza kama mtu huyo kweli simjui. Nikamwambia nitamjuaje, mimi hutembea kwa miguu.

Jumatatu, 29 Machi

Siri ya Vénant nimeijua. Si kipaji, ni bahati tu ya kukaa dirishani. Leo nimevaa kofia yangu, nimepanda basi la Spånga, nimekaa dirishani. Nimekwenda na kurudi asubuhi nzima nikimtafuta yule mtu. Kila nikipita, benchi tupu. Hana msimamo hata kidogo. Ningekuwa mimi, ningekaa.