Keki ya Bibi Hester

Jumatatu, 8 Juni
Jumamosi mwanamfalme anaoa, na Windsor nzima imepagawa. Bendera kila mahali, hadi kwenye kibanda cha mbwa wa jirani. Mimi peke yangu nimebaki na akili timamu. Shahada yangu ya historia imetundikwa juu ya kitanda, nyumbani kwa mama, ambako naishi kwa muda. Muda huo unaelekea mwaka wa tatu.

Jioni, kikao cha karamu ya mtaa katika ukumbi wa kanisa. Niliwafahamisha wajumbe kwamba gauni jeupe la bi harusi si desturi ya tangu na tangu. Aliyeieneza ni Malkia Victoria. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Nikaendelea. Rhys Bevan, mwoka mikate, Mwelshi, akanikatiza: pete za kifalme hufuliwa kwa dhahabu ya kwao, kwa hiyo bila Wales watu wangeoana kwa vifundo vya kamba. Wakacheka wote, Imogen akitangulia. Imogen anauza maua karibu na stesheni. Nampenda tangu Pasaka. Hajaarifiwa.

Sasa habari yenyewe. Bibi Hester, mzaa mama, aliwahi kushona mapazia ya ikulu. Katika harusi moja ya zamani kila mtumishi alipewa kipande cha keki ndani ya kikopo cha bati. Chake hakukila, alikilalia. Msichana akiweka keki ya harusi chini ya mto wa kitanda humwota mume atakayempata, ndivyo wanavyosadiki wanawake wa hapa, na Bibi anaapa alimwota babu, masharubu na yote. Imogen amekiazima kwa usiku wa Ijumaa. Ametangaza mbele ya kikao kizima kwamba atakayemwota ndiye atakayecheza naye karamuni.

Ushirikina mtupu. Sharti aniote mimi.

Jumanne, 9 Juni
Nimesoma mahali kwamba ndoto hufuata kilichoingia akilini mwisho. Basi Ijumaa jioni nitamsomea Imogen makala yangu kuhusu harusi za kifalme. Kurasa arobaini, bila tanbihi.

Ili niwe na sababu ya kwenda kwake, nimejitolea kupeleka kikopo. Bibi alikubali shingo upande. Akasema, “Mjukuu wangu Lambert, kazi yako ni kubeba tu. Usiihubirie keki.”

Alhamisi, 11 Juni
Msiba.

Mama alinituma mkate. Nikaingia kwa Rhys na kikopo kwapani, kwa kuwa sikukiamini mikononi mwa mtu mwingine. Rhys akachungulia ndani. Akaniuliza kama hilo si tofali. “Bwana msomi, mtoto wa watu ataamka na nundu.” Foleni nzima ikacheka.

Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba keki ya kifalme ni ya matunda makavu yaliyolowekwa kwenye brandi. Kwamba tabaka lake la juu hutunzwa mpaka ubatizo wa mtoto wa kwanza. Kwamba, kwa hiyo, haiozi. Akasema, “Haya, onja basi.”

Msomi haukimbii ushahidi. Nikaonja ncha. Nzima kabisa. Rhys akapinga kwamba ncha si keki, ncha ni ganda. Hoja yenye uzito, nakiri. Nikala katikati. Mama mmoja mwenye kikapu akasema huenda upande wa pili ndio ulioharibika. Nikaumaliza.

Nilishinda mjadala kwa kila hoja. Nilipofika mlangoni ndipo nilipobaini ukubwa wa ushindi wangu: kikopo kilikuwa kitupu.

Rhys alinionea huruma. Akakata kipande cha keki yake ya matunda, moto kutoka tanurini, inanukia mdalasini, akakipachika kikoponi. Hakutaka hata senti. Akasema tu, “Nenda, bwana. Hatujaonana.” Maskini. Anamsaidia mpinzani wake na hajui.

Ijumaa, 12 Juni
Nimekabidhi kikopo. Imogen alikuwa akifunga maua ya karamu, kila shada na tawi la mihadasi, kama wanavyobeba mabibi harusi wa kifalme tangu mabinti wa Victoria. Nikasoma. Kufikia ukurasa wa kumi na nane alikuwa amefumba macho. Dalili njema. Kufikia ukurasa wa thelathini aliniomba nitoke ili akalale. Njema zaidi.

Jumamosi, 13 Juni
Meza zimepangwa katikati ya barabara. Kengele za kanisa. Wanandoa wakapita ndani ya gari la farasi. Sikuwaona, nilikuwa namtazama Imogen.

Watu wakamzingira awasimulie ndoto. Akasema aliota joto la tanuri, mikono yenye unga hadi viwiko, na harufu ya mdalasini iliyomfanya atake kukaa humo maisha yake yote. Mbali, nje ya nyumba, palikuwa na sauti ya mwanamume asiyenyamaza. “Basi nikaamka, huko huko ndotoni, nikafunga dirisha.”

Akamnyooshea mkono Rhys. Wakacheza mpaka miguu ya meza ikatikisika.

Bibi alifungua kikopo chake, akanusa. Akakifunga. Kisha akasema keki imefanya kazi yake, nimletee chai, na nisifungue kinywa.

Jumapili, 14 Juni
Nimelichambua tukio zima. Nadharia imethibitika: sauti yangu ilimfikia hadi ndotoni. Kosa lilikuwa dirisha.

Philippa, binamu yake Imogen aliyekuja kwa ajili ya karamu, amemwomba Bibi kikopo kwa usiku wa leo. Nampenda tangu kifungua kinywa. Nimejitolea kukipeleka. Makala nimeirefusha hadi kurasa sitini, na nina bisibisi mfukoni kwa ajili ya kitasa cha dirisha.

Keki haimo, niliionja tena asubuhi, kwa uhakika zaidi. Si neno. Nimemtuma mama kwa Rhys.